Ngawira ya Jumanne

Saa mbili usiku naivua sare ya tramu,
naiacha kitini na harufu yake ya breki,
navaa hedifoni zilizofungwa kwa utepe,
na watu kumi na tisa wananiita Kamanda.
Mchana, hapa Liepāja, naitwa "wewe dereva,"
na mlango ukichelewa kufunguka
naitwa mengine.

Maarja wa Tartu ndiye mganga wetu,
anaponya kwa mkono mmoja, wa pili umebeba mtoto.
Oisín wa Limerick husahau kuzima maikrofoni,
sote tunajua mbwa wake anavyokoroma.
Na Gunārs. Vituo vitatu kutoka kwangu,
fundi winchi mstaafu wa bandarini.
Chama tulikianzisha mimi na yeye
ule mwaka mabomba yalipoganda
na hatukuwa na pa kwenda.

Watu hudhani kuongoza ni kupiga kelele.
Ni jedwali. Ni kujua nani kanuniwa na mkewe,
nani ana mtihani kesho,
nani akisema "dakika moja" ana maana ya robo saa.
Ni kusema "kosa langu" na si lako,
kwa kuwa ni saa nne na nusu, tumekufa mara thelathini na moja,
na Malkia wa Chumvi angali na asilimia sita ya uhai.

Asilimia sita. Wiki saba.
Nilizichambua rekodi kama mchele wa mawe.
Kila duara jekundu lilipojichora sakafuni
kumi na tisa waliruka, mmoja alichelewa.
Nusu sekunde.
Nilimjua kabla ya kutaka kumjua:
nilikwisha kusikia kikombe chake
kikigongagonga kisahani.

Nilimpigia simu. Sikuandika; hilo najipa.
"Wiki hii pumzika, Gunārs."
"Wiki hii," akasema,
wala halikuwa swali.
Kisha akauliza kama reli zimeondolewa barafu.

Mahali pake nikamweka Bricio wa Vigo, miaka kumi na saba,
anayetafuna chipsi katikati ya vita
na kuruka kabla duara halijazaliwa.
Jaribio la nne. La nne tu!
Malkia akapasuka kama gunia,
Maarja akapiga ukelele, mtoto akaamka,
mbwa wa Limerick akabweka,
nami, mtu mzima, nikaruka nikagonga kichwa kabatini.

Tukafungua sanduku.
Kofia ya Mlinzi wa Mnara.

Miaka minne Gunārs aliingoja kofia ile.
Miaka minne vikidondoka viatu, pete, viatu tena,
naye akicheka: "Labda mwakani,
nikibaki na nywele chache itanikaa vizuri."

Asiyekuwepo hagawiwi. Sheria ya chama.
Niliiandika mimi, yeye akasahihisha tahajia.
Walikuwa wananisubiri. Hata chipsi zilinyamaza.
"Dadu," nikasema.
Bricio akapata tisini na sita,
akauliza kwa sauti ya mtoto aliyeingia chumba cha wakubwa:
"Niichukue?"
"Umeipata. Ichukue."

Saa sita kasoro, simu ikatetemeka mezani.
Gunārs. Neno moja.
Hakuuliza: Ameanguka?
Aliuliza: Imeanguka?

Niliandika hapana, nikaifuta.
Niliandika maelezo marefu, yana "lakini" tatu, nikayafuta.
Ndiyo, nikatuma.

Vile vinukta vitatu vikacheza, vikatoweka,
vikacheza tena.
Mwambie kijana asiipake rangi ya waridi.

Asubuhi, zamu ya kwanza, giza bado,
kwenye kituo chake nilifungua milango yote
nikaiacha wazi kupita ratiba.
Baridi ikapanda, ikakaa viti vya mbele.
Abiria mmoja nyuma akakohoa.
Nikafunga.